Mikono ya Ukuta wa Galbet

Nilichora ngamia kumi na mmoja kwa siku nne, na wote nikawafuta kwa chokaa. Wa kwanza alifanana na meza. Wa pili alifanana na Guleid, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi wa vijana, nikamfuta mbio kabla mwenyewe hajapita.

Mimi ni Idman, mchora vibao wa Garissa. Ukiona paja la mbuzi linang'aa kwenye mlango wa bucha, jua ni mkono wangu. Lakini ukuta wa ukumbi wa Galbet ulikuwa jambo jingine: urefu wa hatua kumi, upande wa barabara, mji mzima ukiuona. Niliuomba mwaka mzima. Nilipoupata, kichwa changu kikakauka kama laga, mto wa msimu, wakati wa kiangazi.

"Alhamisi saa nne kamati nakuja," Guleid aliniambia Jumatatu. "Bila bicha, ukuta nabewa jamaa ya Nairobi. Yeye ametuma yake tayari. Ngamia na jua nazama. Fizuri sana!"

"Kwani hatuna kingine zaidi ya ngamia?"

"Wageni nabenda ngamia."

Nikamwambia wageni wakachore kwao. Akaondoka amenuna, nami nikabaki na ukuta mweupe na hofu. Nilijua nikiupoteza nitachora mapaja ya mbuzi mpaka niingie kaburini.

Jumanne asubuhi habaryar Maka, mama yangu mdogo aliyenilea, alinikuta nimeukodolea macho. "Ukuta hauzai kwa kutazamwa," akasema. "Njoo unibebee mzigo."

Mzigo ulikuwa nyuzi za magome ya mgunga. Nikaupeleka uani kwake, ambako wanawake saba walikuwa wakisuka mkeka wa kufunikia nyumba ya bibi harusi, ile ya miti iliyopindwa. Mkeka ulikuwa umefika nusu, una mistari ya rangi ya kahawia na nyekundu. Mimi, kwa ushamba wangu wa mjini, nikaropoka: "Lo! Huu mkeka mzuri ajabu!"

Vidole vyote vikasimama.

"Sema Mashallah, mtoto!" Ayeeyo Rahmo akafoka. Huyo ndiye bibi mkubwa wa wasukaji, na ndiye mama mzazi wa Guleid. "Unataka mkeka ukatike kwa jicho lako?"

"Mashallah, Mashallah!"

"Umechelewa. Kaa chini."

Adhabu yao ni hiyo: aliyesifu ovyo huketi akasokota nyuzi, na huku anaimbwa. Ayeeyo Rahmo alianza bila hata kukohoa:

*Idman mchora nyama, mbwa wamepita wima,*
*hata paka mwenye njaa ameinusa akahama!*

Wakaitikia kwa vigelegele. Nilikasirika kwa muda wa uzi mmoja hivi, kisha kicheko kikanishinda. Kila mmoja alinitungia wake papo hapo. Habaryar yangu mwenyewe aliimba kuhusu wali niliouunguza siku ya Idi. Nikajitetea kuwa akili yangu imeliwa na ngamia wa Guleid. Ayeeyo akaangua kicheko, akamgeuzia mwanawe wimbo:

*Guleid wangu apenda ngamia ukutani,*
*maziwa anayokunywa hutoka dukani!*

Hapo Nurto, jirani yetu, alicheka mpaka akalala ubavu. Ndipo nikaona. Mabega yalitikisika, machozi yalitiririka, shungi zilianguka, lakini mikono haikukosea hata uzi mmoja. Ilikwenda na wimbo, ikivuta na kupitisha kana kwamba haimsikilizi mtu. Nikachukua kaa la jikoni, nikachana boksi la sukari, nikaanza kuchora hiyo mikono palepale.

"Sura usichore," Maka akaonya. "Sura yangu haisimami barabarani ikaguliwe na bodaboda."

Nikachora mikono tu, jozi saba. Jumatano nzima nilikuwa juu ya ngazi nikiimba kwa sauti mbaya, na mpita njia mmoja aliniuliza kama ninaumwa. Sijawahi kuwa na furaha kama siku ile.

Alhamisi saa nne kamati ikafika, na wasukaji nao wakaja, hakuna aliyewaalika. Guleid aliutazama ukuta wote, kutoka kushoto kwenda kulia: mkeka mmoja mrefu na mikono kumi na minne juu yake.

"Ngamia iko wapi?" akauliza.

Nilikuwa nimejiandaa kugombana, lakini hakungoja. Akasogea. Akafika kwenye mkono wenye kidole cha shahada kilichopinda kando, akakiinamia.

"Hii kidole," akasema polepole, "ya hooyo, ya mama."

"Changu, ndiyo," Ayeeyo Rahmo akajibu nyuma yake.

Akawageukia wenzake wa kamati. "Tulikuwa nahama kutoka Elwak. Ngamia aliruka, kamba ikabinda kidole. Hooyo hakuachia kamba, kwa sababu mimi ilikuwa mgongoni ya hiyo ngamia." Akapitisha kiganja juu ya rangi, ambayo haikuwa imekauka vizuri, akajipaka kahawia mpaka kwenye saa ya mkononi. "Ngamia iko humu. Mwambie huyo ya Nairobi asante, asikuje."

Vigelegele vililipuka mpaka bodaboda zikasimama. Mimi niliketi chini, kwenye vumbi, nikalia kwa furaha na sikuona haya. Ayeeyo Rahmo akamshika mwanawe mkono ule uliochafuka, kwa kidole kilekile, akamvuta.

"Mkono wa ukutani umeutambua vizuri," akamwambia. "Sasa njoo nyumbani unywe chai na huu wa kweli. Ni wiki tatu hujafika."