Kinyama cha Chupa ya Pili

Wifi yangu ni fundi cherehani, na kwa miaka miwili hakuweza kumaliza hata pindo moja bila kukimbilia chooni. Mkojo unamchoma, una damu. Hospitali wakampa vidonge, wakabadilisha vidonge, hola. Nilishachoka kumwona akiuma meno.

Mimi ni muuguzi wa chumba cha kamera, ile inayoingizwa kwenye kibofu. Siku ya wifi, amelala kwa dawa, tuliona wote kwenye skrini: kibofu chekundu, na karibu na tundu la mrija wa figo kuna kidonda.

"Saratani hii," daktari akasema. "Wiki ijayo tunakitoa."

Kibofu chote, yaani. Wifi abebe mfuko wa mkojo tumboni maisha yake yote. Niliogopa, sifichi.

Akakata vinyama vitatu, akaninyooshea nivitie kwenye fomalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, kama kawaida yetu. Lakini wiki ile ile mama wa maabara alikuwa amenichamba: "Fomalini inaua vijidudu. Mnatuletea TB maiti, halafu mnataka tuioteshe ionekane?"

Nikatoa chupa ya pili, yenye maji ya chumvi tu.

"Kimoja hapa, daktari. Cha kuoteshwa."

"Sista, nani daktari hapa?"

"Wewe. Ndiyo maana nakuomba wewe."

Akanikata jicho. Sikushusha mkono, hata ulipoanza kufa ganzi. Mwishowe akadondosha kimoja.

Jibu la vinyama vya fomalini lilitangulia: kibofu kimevimba, saratani haionekani, sababu haijulikani. Daktari, tuseme ukweli, akaahirisha upasuaji mwenyewe. Chupa ya pili ilichukua wiki sita. Mama wa maabara akaniletea karatasi kwa mkono wake: TB ya kibofu. Dawa miezi sita, na kibofu kinabaki.

Wifi alinikumbatia akilia mpaka bega la sare yangu likalowa. "Umeniokoa, wifi."

Miaka kumi na moja nimeshika chupa chumbani mle, na zote nilizijaza fomalini. Wangapi walirudi nyumbani na vidonge visivyo vyao?

Aliponiachia nikafungua daftari la wagonjwa, nikaanza kuwapigia simu wote walioandikiwa kwamba sababu haijulikani. Simu ya kwanza alipokea binti. Akasema mama yake walishamzika. Nikampa pole, nikashindwa kumwambia kwa nini nimepiga, nikapiga namba ya pili.