Spoki za Gari la Marehemu

Gari la marehemu mume wangu lilikuwa refu, jeusi, la kifahari, na usukani alishika yeye peke yake. Mimi nililipiga nta, kisha nikakaa nyuma. Alipofariki, mwanangu wa kwanza akataka kuliuza kama chuma chakavu.

"Mama, gurudumu moja limebaki ringi na kitovu. Spoki zake hazitengenezwi tena popote."

"Na nikizipata, likasimama kwa miguu yote minne?"

Akacheka. "Basi liendeshe mpaka mbinguni! Ila mnunuzi anakuja Jumamosi."

Nikaenda kwa fundi wa magurudumu, akanionyesha mfano wa spoki: huku uzi wa kufungia nati, huku kichwa kimepinda kama kidole kinachokuita. Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Kidole kile nilikijua! Gurudumu lile lilikaa stoo miaka, na nyumbani kwetu kila aliyetaka chuma chembamba alikwenda kulinyonyoa kama kuku.

Nikashika kikapu, nikaanza na wifi yangu. Pazia lake la chumbani lilining'inia juu ya spoki.

"Wifi! Unataka majirani wanione nikivaa?"

"Usijali, watafumba macho wenyewe."

Binti yangu alikuwa na yake ya kuzibulia sinki. Shemeji yangu alijikunia mgongo. Ile niliiosha mara mbili.

Ijumaa kikapu kilikuwa kimejaa; fundi akazifunga, akawa anazigonga mojamoja. Zote zilitakiwa kulia sauti moja. Likabaki pengo moja, kama la jino la mbele.

"Hii ya mwisho naijua ilipo," nikamwambia.

Jumamosi mwanangu akaja na mnunuzi, anahema. "Mama, kuna mtu kaiba komeo la geti langu! Kuku wamejaa barabarani!"

Nikaigonga spoki ya mwisho. Ting! "Halijaibiwa. Limerudi kazini."

Mnunuzi alitazama miguu minne ya gari, akatazama kamba yake ya kuvutia magari mabovu, akaaga.

"Lakini Mama, huwezi kuendesha. Baba hata usukani hakukuruhusu ushike."

"Baba yako amepumzika. Na mimi nimepumzika kuomba ruhusa."

Sikumwambia kwamba fundi alinifundisha kwa pikapu yake, nyuma ya karakana, na kwamba ukuta wa karakana una ushahidi. Nikawasha.

"Panda. Si mbele! Nyuma, nilipokaa mimi kabla hujazaliwa. Na viatu vyako visiguse kiti."

Tukapita kwake. Kuku wakatupisha. Wana adabu kuliko mwenye nao.