Kilomita Tatu za Februari

Watu wa Kudapali, kijiji kilicho ng'ambo ya mto, hawachukii kuhesabiwa. Nilipowarudia na karatasi za sensa, kazi tunayopewa sisi walimu, baada ya miaka kumi, Bibi Kuntala, ambaye hana hata jino moja, alinidaka mlangoni kwake.

"Mwalimu, safari hii niandike arobaini. Bado natafuta mume."

"Bibi, mara ile ulikuwa sitini na mbili."

"Basi ulikosea. Wewe na kalamu yako hiyo!"

Nilicheka, nikaandika sabini na mbili, nikaenda nyumba inayofuata, kwa Lokanath Majhi.

Miaka mingi nilikuwa nimehamishiwa shule ya mbali, nimerudi mwezi uliotangulia tu. Lokanath alinitandikia mkeka. Binti yake Pramila, niliyekuwa nimeanza kumfundisha darasa la nne, akaniletea chai ya rangi.

"Mko wangapi humu ndani?" nikauliza.

"Wawili."

"Na shemeji Sukanti?"

Pramila alichukua ndoo akatoka nje. Baba yake akasubiri mpaka amefika kisimani.

"Mwaka juzi, mwezi wa saba, uchungu ulimshika," alisema. "Mto umefurika, huwezi hata kuusogelea. Tukamlaza kwenye kitanda cha kamba, tukambeba wanaume wanne kwa njia ya mlimani. Tulipofika kilima cha pili akaniambia, 'Baba Pramila, niteremsheni kidogo, nimechoka kutikiswa.' Tukamteremsha. Alikatia roho palepale, na mtoto tumboni."

Niliweka kalamu chini.

"Na daraja tuliliomba, Mwalimu. Daraja na basi, miaka minne mfululizo. Karani mjini akanionyesha karatasi ya sensa: Kudapali, umbali hadi kituo cha basi, kilomita tatu. Akasema tushukuru, kuna wenzetu wako mbali zaidi. Sasa nani aliandika tatu? Samaki?"

Ningeweza kunyamaza. Jina langu halikuwapo kwenye karatasi aliyoonyeshwa.

"Ni mimi, Lokanath."

Nikamweleza. Sensa huwa Februari. Siku ile ya sensa iliyopita maji ya mto hayakufika hata magotini. Nilikunja suruali, nikavua viatu, nikavuka mpaka barabarani huku napiga mluzi. Karatasi iliuliza umbali, haikuuliza miezi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo maneno yangu yalivyozidi kunichusha mwenyewe.

Hakunifokea. Alisema, "Kunywa chai, inapoa." Halafu, "Andika wawili." Hakuondoa macho kwenye mkono wangu mpaka nilipoandika.

Kesho yake nilikwenda kwa miguu njia ya mlimani, toka Kudapali hadi kituo cha basi. Kilomita kumi na tisa. Niliziandika, nikaambatanisha barua kwamba zile tatu za zamani ni kosa langu, na kwamba toka Juni hadi Oktoba mto haupitiki.

Msimamizi wangu aliisoma mara mbili. "Bwana Bidyadhar, kijiji hakina miguu. Kimehamaje kutoka tatu mpaka kumi na tisa?"

"Njoo Julai, mheshimiwa, twende wote."

Alinung'unika, lakini alizipokea.

Daraja mpaka leo hakuna. Mwaka uliofuata gari moja la abiria lilianza kupita njia ya mlimani siku za soko, watu wakininginia nyuma na kuku wao. Lokanath hakuliona. Mwaka uleule wa sensa, hata mvua hazijaanza, alimchukua Pramila wakaenda kusini kwenye matanuri ya matofali, wakiwafuata watu wengine wa kijiji. Jirani yake aliniambia alikuwa hataki mtoto ausikie tena mto ule ukinguruma.

Hakuja kuniaga, na sikutegemea aje. Darasani niliendelea kuita jina la Pramila kila asubuhi kwa wiki nzima, na wenzake wakawa wananijibu, "Hayupo, Mwalimu," kabla sijalifuta.