Kikohozi cha Chumba Namba Nne

Kambi yetu iko pale barabara inapoishia. Mbele yake ni msitu, na kwenye msitu huu mvua hainyamazi. Shuka nikizifua Jumatatu, Jumatano bado zina unyevu, ndiyo maana tuna chumba cha kukaushia chenye jiko la mkaa, na ndani ya chumba hicho nimemaliza miaka tisa. Natandika vitanda, nafunga vyandarua, najaza magazeti makuukuu ndani ya buti za wageni ili ziwahi kukauka. Wageni wanakaa siku nne. Siku ya kwanza wanapumzika. Ya pili wanapelekwa kwenye makazi ya watu wa msituni kuona wanavyosuka vikapu na kurina asali. Ya tatu wanakwenda kuwaona sokwe, na ya nne wanaondoka. Dereva wetu husema, "Hawa wanalipa ili wanyeshewe. Sisi tunanyeshewa bure na hata shukrani hatuna."

Nina kazi nyingine ambayo haimo kwenye karatasi ya ajira. Mimi ni jicho la shemeji.

Shemeji ni mdogo wa marehemu mume wangu. Mume wangu ndiye aliyeanza kuwazoesha wale sokwe kuona watu. Ini lilipomuua, shemeji alichukua panga lake na buti zake, akaendelea alipoachia. Wawili hao walitumia miaka saba kukaa kwenye matope, mbali, wametulia kama magogo, mpaka sokwe wakachoka kukimbia. Leo shemeji anawajua mmoja mmoja, nani mchokozi, nani mchoyo, nani ana mimba.

Na sokwe wanaugua maradhi yetu. Mafua yatakayokufanya upenge kamasi siku mbili, wao yanawaua. Kwa hiyo sheria ni moja, anayekohoa haendi. Wageni wanapimwa joto getini, wanaulizwa hali zao, wanapewa barakoa. Lakini mtu aliyesafiri siku mbili kuja kuona kitu hawezi kukwambia kwamba anaumwa, na shemeji analijua hilo. Ndiyo maana kila asubuhi ya siku ya tatu, kabla hawajatoka, alikuwa anapita kwenye mlango wa chumba cha kukaushia na kuniuliza, "Shemeji, vyumba viko salama?" Anayemwaga ndoo za taka na kubadilisha foronya ndiye anayejua nani amelala na nani amekesha.

Mara nne nilimjibu kwamba haviko salama. Mara nne mgeni akabaki kambini, na mmoja alinitukana mpaka mpishi akatoka jikoni kusikiliza. Sikujali. Nilikuwa nafanya kazi ya mume wangu kwa namna yangu.

Mwanamke wa chumba namba nne alikuja peke yake. Tulimwita Mkunga, kwa kuwa ndiyo kazi aliyostaafia huko mjini, na alipenda kuitaja. Alifika na darubini mbili shingoni. Dereva akamuuliza kama ya pili ni ya macho ya kisogoni. Mkunga akacheka, halafu akasema ni ya mume wake, na dereva akatazama viatu vyake.

Asubuhi ya siku ya pili niliingiza mkono ndani ya buti lake ili niweke gazeti, nikakuta soksi, na ndani ya soksi chupa ya dawa ya kikohozi, imebaki robo. Kwenye ndoo ya taka tishu zilikuwa zimejaa, zimefunikwa na ganda la ndizi moja juu. Mtu asiye na la kuficha hapangi taka zake.

"Umeiona," akasema nyuma yangu.

"Nimeiona, mama."

"Ni baridi ya basi tu, dada. Kioo hakifungi. Nimezalisha watu miaka thelathini, mafua nayajua, na haya siyo."

"Mwenye kuamua si mimi. Mimi nasema nilichokiona."

Hakunitolea pesa. Angenitolea, ningejua la kufanya, ningemrudishia na kwenda moja kwa moja kwa shemeji. Alikaa kitandani, akaiweka ile darubini ya pili mapajani kama mtu anayempakata mtoto.

"Safari hii tuliipanga miaka kumi na moja," akasema. "Kila tukipanga, linatokea jambo. Mwisho tukapata nafasi, akawa anahesabu siku ukutani kwa kalamu. Amekufa zimebaki kumi na tisa. Nikirudi bila kuwaona, dada yangu, nitakuwa nimemzika mara mbili."

Nami nilikuwa nimezika. Mume wangu kila kiangazi alikuwa ananiambia, "Mwaka huu nitakupeleka ukawaone wanangu wengine." Kiangazi kinakuja, kinapita, kazi ni nyingi. Alipofariki sikumwomba shemeji. Watu wa vyumba hawaendi msituni. Miaka tisa nilikuwa nafua matope ya njia ya sokwe, na sokwe mwenyewe sijamwona.

Nikairudisha chupa ndani ya soksi.

Niliomba Mungu anionyeshe la kufanya. Sasa najua alinionyesha mchana ule ule, ila nilikuwa nimeshachagua.

Siku za kwenda kwenye makazi, mimi ndiye ninayebeba kikapu cha chakula cha wageni. Tulipofika, Mama Pacha alikuwa amekaa mlangoni kwake anasuka. Yeye ndiye msemaji wa wanawake wa pale, na ulimi wake hauna kizibo.

"Meneja wako ametuma salamu," akaniambia. "Anataka nikipigwa picha nivue kandambili, eti mababu zangu hawakuvaa. Nikamwambia na wa kwake hawakuvaa tai."

Tukacheka. Mkunga alikuwa kwa mbali anatazama mzinga. Akakohoa mara moja, akageuka, akakohoa mara ya pili kwenye mtandio.

Mama Pacha akaacha kusuka. "Yule anakohoa."

"Ni vumbi," nikasema.

Alinitazama. Maji yalikuwa yanachuruzika kwenye paa lake, na miguu yetu wote ilikuwa na matope mpaka vifundoni. "Vumbi," akasema. "Wewe mwanamke, mara ya mwisho umeliona lini?" Hakungoja jibu. Akawaita pacha wake na watoto wengine wote, akawatuma kuni, upande wa mbali, na hawakurudi mpaka tulipoondoka.

Yeye aliweza kuuliza. Sokwe hawana mdomo wa kuuliza.

Asubuhi ya tatu Mkunga alipimwa joto, akaonekana mzima. Vidonge vya homa vinashusha joto. Shemeji akaja mlangoni kwangu, mkoba mgongoni, panga mkononi.

"Shemeji, vyumba viko salama?"

"Viko salama."

Akagonga mwimo wa mlango mara mbili, kama alivyozoea, akaenda.

Walirudi alasiri. Mkunga alinikumbatia mbele ya watu, amelowa. Alimwona mama na mtoto wake mchanga, karibu kabisa. "Mtoto alinitazama hivi, kama mtu. Miwani ilikuwa inapata ukungu, nikaishusha barakoa kidogo tu, nipate picha."

"Ukashusha barakoa."

"Kidogo tu, dada."

Siku ya nne aliondoka. Siku ya tisa tangu waende msituni, shemeji alirudi kabla ya saa nne, akakaa kwenye kizingiti cha chumba cha kukaushia bila kuvua buti.

"Wanakohoa," akasema. "Sita. Yule mdogo hashiki titi."

Nilikuwa nimeshika shuka. Niliendelea kuikunja, kwa sababu mikono ilikuwa haijapata habari.

"Wageni niliwapima wote," akasema. "Wewe uliangalia vyumba. Sasa nani amebaki? Nimebaki mimi. Wiki ile mwanangu wa mwisho alikuwa na kamasi. Nilimbeba, shemeji. Mimi ndiye niliyewapelekea."

Tangu siku hiyo akawa anawatazama kutoka ng'ambo ya bonde. Nyumbani akahamia kibanda cha nje, asimguse mwanawe. Mke wake akaja kuniambia kwamba ameanza kuandika barua ya kuacha kazi, ameichana, ameanza nyingine. "Ongea naye, dada," akasema. "Wewe anakusikiliza."

Usiku mmoja mtu anaweza kujidanganya, lakini asubuhi sala inamkuta palepale. Nilipiga magoti alfajiri na neno halikutoka. Nikainuka, nikaenda kwenye kile kibanda.

"Shemeji, usiandike barua," nikasema. "Chumba namba nne alikuwa anakohoa. Niliona dawa, niliona taka. Nilijua. Nikakwambia viko salama."

Alikuwa anafunga kamba za buti. Akafunga mpaka mwisho, la kushoto, kisha la kulia.

"Kwa nini?"

"Alikuwa mjane."

Akasimama. Kisha akaingia ndani, akatoka na buti za zamani za kaka yake, zile zilizopasuka kisigino, akaziweka mbele yangu. Akanipa barakoa mbili, nivae moja juu ya nyingine.

Tulitembea kwa saa tatu. Hakunisubiri wala hakuniacha. Mahali wageni wanaposimama tulipapita kwa mbali, tukapanda ukingo wa upande wa pili, akanipa darubini na kunionyesha kwa kidole.

Jike lilikuwa limekaa chini ya mti uliolala. Mwanzoni nilidhani mtoto amesinzia. Mkono wake mdogo ulikuwa unaning'inia, na mama akaushika, akauweka kifuani, ukaanguka tena. Akamchambua manyoya ya kichwa, taratibu, kama tunavyofanya sote. Nzi walipokuja akawafukuza kwa kiganja. Akakohoa.

"Siku ya tatu hii," shemeji akasema. "Hamwachi."

Niliendelea kutazama mpaka vioo vikafanya ukungu.

"Huyo mama ndiye wa kwanza kumzoea kaka," akasema. "Ndiye ambaye kaka alikuwa anataka umwone. Haya, umemwona. Twende."

Wakubwa wawili walikufa baada ya yule mdogo. Waliobaki walipona, na kambi ikafungua njia tena baada ya miezi miwili. Shemeji hakuniripoti kwa meneja. Angeniripoti, labda ningepumzika. Nyumbani kwake bado nakaribishwa, watoto wananipokea mzigo, ananiita shemeji vilevile na hajawahi kunipandishia sauti.

Mkunga hajui lolote. Alituma picha kubwa ndani ya bahasha ngumu, mama sokwe na mwanawe, macho ya mtoto wazi yakitazama mbele. Nyuma aliandika kwamba ananishukuru na ananiombea. Meneja aliipenda, akaitia fremu na kuitundika ukumbi wa kulia, ili wageni wajue walichofuata. Kuifuta ni kazi yangu.

Na asubuhi ya kila siku ya tatu shemeji anakuja bado, mkoba mgongoni. Anapita mlango wa chumba cha kukaushia bila kusimama, anaingia vyumbani mwenyewe, kimoja baada ya kingine. Nikiwa kwenye shuka zangu namsikia anamimina ndoo za taka sakafuni, anazipekua.