Kikapu Kilichopita Mlangoni

Unga uliisha asubuhi. Mama mshonaji alikung'uta mfuko juu ya sufuria, akapata uji mwepesi kama maji ya kuoshea vikombe, akawapa wanawe, wakaenda shule. Yeye alikunywa maji, akakaa mbele ya cherehani isiyo na kazi. Tangu mumewe afariki, mlio wa cherehani ndio uliokuwa ukijaza chumba kile mchana. Sasa nao ulikuwa umenyamaza.

"Asante Bwana, watoto wakirudi watakula," alisema kwa sauti. Hakusema "naomba". Alifundishwa kwamba mwenye imani hushukuru kabla ya kupokea, naye akalishika hilo barabara.

Mchana wakaja akina mama wa kikundi cha sala. Kila juma walipita na kikapu cha chakula, wakiuliza nyumba kwa nyumba, wakakiacha penye shida. Aliyekibeba kichwani siku hiyo walimwita Spika, kwa sababu hajui kunong'ona.

"Haya, mama watoto, habari za hapa? Mmepungukiwa?"

Jicho la mshonaji likatua kikapuni: unga, maharage, chupa ya mafuta. Lakini kusema ana shida aliona ni kumkana Mungu aliyemshukuru asubuhi ileile.

"Bwana ametupa, dada. Tuko sawa kabisa."

"Amina! Shoga, imani yako hiyo tungeitia kwenye chupa tukauza!" Spika akacheka. Wakaenda.

Alisikiliza kandambili zao hadi zikapotea uchochoroni. Akangoja mlango ugongwe tena, awe mteja, awe ndugu, awe yeyote. Haukugongwa. Ndugu na marafiki wote alikuwa amewajibu vivyo hivyo, "tuko sawa," na mmoja mmoja wakaacha kuuliza.

Ndipo akawaza: na kama jibu lilishafika, nami nikalirudisha?

Alitoka bila kufunga mlango. Aliwakuta nyumba ya mwisho ya mtaa. Kikapu kilishapokelewa na bibi mmoja, naye alikuwa akiwamiminia baraka. Wote wakageuka.

"Sina unga," alisema. "Tangu asubuhi. Niliwadanganya."

Spika akashika kiuno. "Tumekuitikia amina, kumbe una njaa! Sasa sisi tungejuaje, mama wee? Tuote?"

Bibi alishafungua mfuko wa unga. "Mwache. Mwanangu, lete chombo."

Hakuwa na chombo. Alikinga upindo wa gauni mbele ya macho yao yote, akamiminiwa nusu ya mfuko.

Hakuna aliyemsindikiza. Aliona haya, na wao waliona haya. Alitembea polepole, upepo usipeperushe unga, na njiani hakushukuru. Aliomba, kwa mara ya kwanza tangu msiba, kama mtu asiye na kitu: "Na kesho, Bwana?"

Hakusikia jibu. Alipofika nyumbani akaharakisha kuwasha moto, maji yachemke kabla watoto hawajafika.