Kufuli la Banda la Kuku

Nilaumuni mpaka mchoke. Kufuli nililichukua mimi.

Kiwandani kwetu tunatengeneza sabuni. Anayeingia kusafisha pipa la kuchanganyia hutundika kufuli lake jekundu kwenye swichi kubwa, ufunguo akautia mfukoni. Mashine haiwaki mpaka atoke alifungue mwenyewe. Msafisha pipa ni mume wangu. Mimi napanga sabuni kwenye maboksi, nyuma ya ukuta.

Juma lililopita tuliibiwa kuku wawili. Nikamwambia, "Baba watoto, lete lile kufuli la kazini tufungie banda."

"Na mimi nitajifungia nini?"

Mdomo wangu huu hauna breki. "Kwani wewe kuku? Nani akuibe?"

Akacheka, akanipa, ufunguo akabaki nao. Mwanamume mpole kupita kiasi, na mimi nilijua hivyo nilipokuwa nikimwomba.

Siku mbili aliingia pipani bila kufuli, mwenzake akimlindia swichi. Leo asubuhi mwenzake akaitwa kushusha magunia. Nikamsikia msimamizi akiuliza kama pipa ni tupu, na mtu akajibu ni tupu. Mashine ikanguruma. Nilikimbia nikipiga kelele wazime, nikaizima kwa mkono wangu. Visu vya kuchanganyia vilikuwa vimeshazunguka ndani ya pipa.

Tangu saa nne niko kwenye benchi la hospitali. Nimemwomba Mungu amchukue miguu yote miwili, nitambeba mgongoni, mradi aniachie mtu. Wifi yangu, dada yake wa pekee, amenishika mkono muda wote. Msimamizi amesimama dirishani.

Muuguzi akatoka na nguo za mume wangu kwenye mfuko. Hakunitazama usoni. Nikajua.

Wifi alilia mpaka sauti ikakauka. Kisha akapekua zile nguo, akatoa ufunguo mfukoni, akamwinulia msimamizi.

"Ufunguo huu hapa. Ndugu yangu alifunga. Nyinyi ndio mmelivunja kufuli lake, na mtajibu."

Msimamizi aligeuka kutoka dirishani. "Mama, pale swichini hapakuwa na kufuli."

"Mwongo mkubwa. Wifi, mwambie. Wewe ni mkewe, mwambie huu ufunguo ni wa nini."

Ningenyamaza tu, ingetosha. Wote wangenipa pole.

"Ni wa banda la kuku," nikasema.

Wifi akauachia mkono wangu.