Meza ya Melita

Tangu Melita atupe jaani sanamu za miungu ya nyumbani kwake, ndugu zake wa damu walikataa hata maji yake ya kunywa. Meza iliyobaki kumpokea ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa sebuleni mwake mwenyewe. Kila Jumapili jioni waumini wa mtaa wake wa Antiokia walikuja kuumega mkate, Wayahudi na Washami na Wagiriki, wakigongana viwiko kwenye bakuli moja la dengu.

Jioni hiyo alikuja mgeni kutoka Yerusalemu, Mzee Eliabu. Aliitazama meza, akamtazama Barsuma Mshami, mtengeneza ngozi, akabaki amesimama.

Mzee Azaria, kiongozi wao, ambaye Jumapili iliyopita alilamba vidole pembeni ya Barsuma huyohuyo, alikohoa.

"Dada Melita, tumeona ni vyema wasiotahiriwa wakae uani. Kwa leo tu."

"Mimi ni mwanamke, mzee."

"Ndiyo, dada. Hilo nalo linajadiliwa."

"Na nyumba ni yangu."

"Bwana akubariki kwa ukarimu wako!" alisema Eliabu kwa moyo wote.

"Twende, mama," Barsuma akamwambia. "Hapa tunawanukia vibaya."

Wote wasio Wayahudi wakatoka uani, Melita pamoja nao. Melita aliketi karibu na tanuri, akijipangusa macho kwa ncha ya shela. Ndani walijadili kama mtu wa mataifa akilikalia benchi, benchi nalo linanajisika. Sauti zikapanda. Kisha wakaomba, maombi marefu. Kisha kimya cha watu wanaotazama meza tupu.

Tanuri lilikuwa uani. Mkate, dengu na mtungi wa divai, vyote uani.

Barsuma alicheka mpaka akajishika mbavu. "Wametuadhibu kwa kutufungia na chakula!"

Azaria akachungulia. "Dada, mkate umeiva?"

"Umeiva, mzee."

"Basi tupitishie hapa mlangoni."

Mkono wa Melita ulikwisha kushika kikapu. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kupitisha vitu. Lakini aliona wazi kwamba akiupitisha mkate huo, kuanzia leo atakuwa mpishi wa kanisa, si dada yao. Akaurudisha mkono.

"Tutaumega hapa," alisema. "Karibuni. Nafasi ipo."

"Mzee Eliabu hatakubali."

"Naye nafasi yake ipo."

Azaria aligeuka akatazama ndani, akautazama mkate unaofuka mvuke. "Kweli ndani kuna joto," alisema, akakaa mkekani.

Ulikuwa mwezi wa baridi kali, lakini walitoka mmoja mmoja, kila mtu akilalamikia joto.

Akabaki Eliabu.

"Dengu hizo," aliuliza kutoka gizani mle ndani, "zina nyama ya nguruwe?"

"Ni dengu tupu, mzee."

"Basi niletee kidogo."

"Njoo, mzee wangu," alisema Melita, akasogea kumpisha.

 Kisha benchi likasikika likiburutwa sakafuni, likija kuelekea uani.